Siku Jostein Alipokaa Benchi la Wapinzani

Brattmoen,
Jumamosi, 30 Machi 2019.

Mpendwa Kaka Torgeir,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. Hali yako huko Chile, na hao samaki wako? Kile kikohozi kimekwisha? Natumaini wifi Pilar hajambo na mtoto anaendelea kuota meno bila kuwakosesha usingizi. Sisi tu wazima, ukimtoa mmoja. Theluji bado imefika dirishani upande wa ghala, Mama anafuma, Baba goti linamsumbua lakini anakataa kulitaja.

Nakuandikia barua kwa sababu nikikupigia simu Mama husimama nyuma yangu akisikiliza, kisha husema nimechoka tu, nikalale. Sijachoka, Kaka. Nimekasirika.

Ni habari za ndugu yetu Jostein. Najua umeshasikia kwamba tumetolewa nusu fainali ya mpira wa magongo wa barafuni, na kwamba mdogo wako Ingvill ndiye aliyeleta balaa. Sasa isikie na kwangu.

Mwezi wa Januari Jostein alibamizwa kwenye ukuta wa uwanja, kichwa kikatangulia. Akainuka, akacheza mpaka mwisho, watu wakampigia makofi. Kesho yake nikamkuta nyuma ya rundo la kuni anatapika. Baada ya hapo akawa anakula chakula cha jioni amevaa miwani ya jua, eti taa ya jikoni inamchoma. Asubuhi moja alisimama uani na ufunguo mkononi, akaniuliza gari tuliliuza lini. Gari lilikuwa mbele yake.

Akaniambia, "Ingvill, ukimwambia daktari wa timu, mimi na wewe basi."

Nilimwelewa, usidhani sikumwelewa. Unakumbuka Wasweden wa ile klabu walivyomrudisha nyumbani akiwa kijana, wakisema ni mwepesi mno, upepo utambeba. Alirudi hapa akajijenga upya, akawa nahodha, akaitwa timu ya taifa. Na msimu huu klabu moja ya Ujerumani ilikuwa imetuma mtu wa kumtazama. Ameungoja mlango ule tangu alipojua kufunga kamba za viatu vya barafu, na ulipofunguka ndipo kichwa kikagoma.

Lakini kuelewa si kunyamaza. Nilimwambia Baba. Unamjua Baba, kwake yeye uwanja ule ni kanisa la pili, na kibanda chake cha soseji ndiyo madhabahu. Akanijibu, "Vichwa vya ukoo huu ni vya msonobari. Mwache mtoto acheze." Mama akasema Pasaka i karibu, tutapanda mlimani kwenye nyumba yetu ndogo, tule machungwa juani, huko atapumzika. Nikamfuata Kocha Stenersen. Akanitazama juu mpaka chini: "Wewe ni dada yake au msemaji wake? Kama anaumwa, mdomo anao."

Na wewe, Kaka. Nilikuandikia Februari, ukanijibu mstari mmoja: wachezaji wote huumwa kichwa. Mstari ule umenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo. Sitaki kukulaumu, lakini nakulaumu kidogo.

Jumanne ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya nusu fainali na timu ya Sundnes, hapa kwetu. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Tulikuwa mbili kwa mbili, kipindi cha tatu, ndicho cha mwisho, na kila mtu alikuwa amesimama. Jostein alitoka kupumzika benchi na kupisha zamu ya wenzake, kama wanavyofanya kila mara. Akateleza taratibu, akavuka uwanja, akapanda benchi la Sundnes. Akakaa katikati yao, jezi nyekundu moja ndani ya njano tupu, akanyoosha mkono kuomba chupa ya maji.

Uwanja mzima uliangua kicheko. "Nahodha kahama!" alipiga kelele mtu nyuma yangu. Mwingine akadakia, "Jostein, huko wanakulipa vizuri zaidi?" Walidhani anawachokoza Sundnes. Hata mwamuzi alicheka. Baba naye alicheka, mikononi kashika soseji zilizoviringishwa kwenye chapati za viazi.

Mimi niliuona uso wake. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekaa kwake, akingoja wenzake wamwambie zamu yake imefika.

Mwingine ambaye hakucheka ni Aslak wa Sundnes, yule kijana wa kaskazini aliyeishi naye chumba kimoja Sweden. Alimvua kofia ngumu, akamshika mkono, akamwita mwamuzi. "Simamisha mchezo," alisema. "Huyu hayupo hapa. Leteni daktari."

Na Stenersen ng'ambo ya pili akipiga kelele, "Rudi huku! Anatania tu huyo, endeleeni!"

Hapo sikuvumilia. Nilishuka ngazi, nikaruka ukuta, nikakanyaga barafu na buti zangu za zizini. Mlinzi alinishika koti, nikamwachia hilo koti. Nikamweleza daktari wa timu yote mbele za watu: Januari, kutapika, miwani, gari. Yule mama alipiga magoti mbele ya Jostein akamwuliza leo ni siku gani. Jostein akafikiri, kisha akasema kwa upole, "Mwulizeni Mama."

Wakampeleka hospitali. Sisi tukafungwa nne kwa mbili.

Tangu hapo mji mzima umeninunia. Dukani, Bwana Oddleif alinisubiri karibu na mikate. "Mechi ilikuwa imebaki kidogo tu," akaniambia. "Si ungemwacha amalize kwanza?"

"Amalize nini, Bwana Oddleif?" nikamwuliza. "Mechi, au amalizike yeye?"

Akaondoka bila mkate. Baba hanisemeshi. Akitaka chumvi humwambia Mama, "Mwambie binti yako anipe chumvi," na mimi nimekaa hapo hapo, kiwiko kwa kiwiko. Wajerumani hawajapiga simu, na sidhani kama watapiga.

Madaktari wamesema hachezi tena, si msimu huu tu, daima. Wamemwonyesha picha za kichwa chake, wakamweleza pole pole, akaitikia. Aliporudi nyumbani akamwambia Baba kwamba Agosti, msimu mpya ukianza, atakuwa barafuni. Unajua Baba alimjibu nini? "Hayo ndiyo maneno, mwanangu."

Ndiyo maana nakuandikia. Mimi hanisikilizi, tangu Jumanne hajanisemesha hata neno moja, akiniona jikoni hugeuka. Wewe ndiye uliyemfunza kusimama barafuni, ukimvuta kwa gongo lako. Usimpigie kumpa pole, pole amezipata tele. Mpigie umwambie asirudi. Mwambie alicheza vizuri, na imetosha. Akilitoa hilo neno mtu anayeuheshimu mchezo, huenda likaingia. Na ukishamaliza naye, mwite Baba kwenye simu, umwambie na yeye.

Yote hayo niliyaandika alfajiri, nikapanga kuishia hapo. Lakini asubuhi hii Jostein aliingia jikoni, akakaa, akajikatia jibini ya kahawia, akanitazama.

"Eti Ingvill," akasema, "ni nani alinitoa kwenye lile benchi?"

Kumbe hakumbuki chochote, Kaka. Hakumbuki mechi, wala benchi, wala mimi nikiwa barafuni. Amenikasirikia siku zote hizi kwa kusimuliwa na watu. Nikakaa mbele yake nikamweleza yote, tangu alipotoka kupisha zamu.

"Aslak alikuwepo?" akauliza.

"Ndiye aliyekushika mkono."

"Na wewe ulishuka mpaka chini? Na mabuti yale ya ng'ombe?"

"Na mabuti yale yale."

Akacheka. Kaka, sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu Krismasi. Akanishika bega alipokuwa akipita kwenda kulala tena, nami nikabaki pale nikifuta meza iliyokuwa safi, moyo wangu umeanza kufunguka.

Mchana akaamka. Akaja jikoni, akakaa kiti kile kile, akanitazama.

"Eti Ingvill, ni nani alinitoa kwenye lile benchi?"

Nikaketi, nikamsimulia tena, tangu mwanzo.

Mpigie, Kaka. Usingoje Pasaka.

Mama anakusalimu, na amekufumia soksi ambazo huko kwenye joto la kwao Pilar utacheka ukiziona, lakini zivae. Shangazi Borghild anakuulizia kila akija, na Baba angekusalimu pia kama angekuwa ananisemesha. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu akushike vizuri juu ya maji hayo ya mbali, na akurudishe kwetu ukiwa na akili zako zote.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata akikasirika,

Ingvill