Mateka wa Mahindi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, anaanika ulezi.

Umeuliza tulicheza nini kabla ya simu. Vita, mjukuu wangu! Mimi na rafiki yangu Kalolo tulichora ramani ya Ufipa kwenye boksi la sabuni. Askari wake maharage, wangu mahindi ya kukaanga. Siku moja nikauzingira mji wake, Kirando, ushindi huu hapa! Nikadai tubadilishane mateka. Kalolo anatafuna tu. Mateka wangu wote alishawala! Tulicheka hadi tukaiangukia ramani. Nani alishinda, sikumbuki.

Jana nimechora nyingine. Kalolo anakuja Jumapili baada ya misa. Safari hii askari wangu ni kokoto. Meno hana tena, lakini simwamini.

Babu yako, Sumbawanga