Jiwe Lenye Chokaa

Bibi yangu, shikamoo.

Niko Mkwaja, na nimepandwa na hasira hata wali wa nazi umepoa mbele yangu. Kama ujuavyo, nimeletwa kupima kama kilima cha huku kina jiwe la mchanga la kufaa kuchimbwa. Kilima nilikipanda jana. Jiwe lake linamomonyoka kiganjani kama kashata mbichi. Leo asubuhi tajiri anayetaka kufungua machimbo kaniletea jiwe gumu, zuri.

"Andika hili ndilo la kilimani, injinia. Usijisumbue tena na jua."

Nikaligeuza. Nyuma lina chokaa ya kujengea! Nikalidondoshea asidi, likatoa povu kama sabuni. Ni tumbawe la baharini, Bibi, si jiwe la mchanga! Nikakumbuka makaburi ya kale ya matumbawe niliyopita njiani, nikaenda kutazama. Kaburi moja lina pengo bichi ukutani.

Nilipomuuliza yule tajiri, akacheka. "Wenyewe walishakufa zamani. Nani atadai?"

Haya hana! Nikamwambia siandiki ripoti mpaka alirudishe, nikamtwika jiwe lake begani, nikamfuata nyuma juani mpaka makaburini. Akataka kuingia kimya kimya. Nikamzuia.

"Wasalimie kwanza. Nyumbani kwa watu hapa."

Akatoa salamu, jasho likimtiririka. Kisha akasimama palepale na jiwe lake, hathubutu kuingia, kama mwizi aliyebisha hodi.

Ripoti nimeshaandika: kilima hakifai. Mungu akupe afya, Bibi, wewe uliyenifundisha kuwasalimu waliolala.

Mjukuu wako,
Bakari