Sproketi Uliyoikaza kwa Miguu Yako

Baba Nekesa,

Leo nimeifungua baiskeli yako. Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine, ingawa najua hakuna mwingine atakayekwambia, na hapo ndipo panapouma.

Ulipotutoka nilipigana na kila mtu. Mhubiri alisimama kaburini akasema Mungu alikupenda kuliko sisi. Nilitaka kumuuliza ametumia mizani gani, dada yangu akanibana mkono. Siku ya kugawa nguo zako nilijizuia. Makoti yakaenda, viatu vikaenda. Lakini mdogo wako Wafula aliposhika usukani wa baiskeli, nilinguruma. Nikasema baiskeli si nguo. Akanijibu kwa upole, "Shemeji, mtu akifa, vitu vyake hutembea." Nikamwambia hiki kitakaa. Kikakaa, nyuma ya mlango, pale ulipokiegemeza ukirudi kutoka kiwandani, nami nikawa nakipangusa vumbi kama mtu anayepangusa picha.

Bado ninaandika. Makala zangu zimekuwa kali zaidi, ila si nzuri zaidi. Hakuna wa kunisikiliza nikisoma kwa sauti huku akijaza gurudumu upepo, kisha aseme, "Umeshawapiga. Sasa unataka wafanye nini?" Nilikuwa nakasirika, halafu naenda kuandika upya aya ya mwisho. Siku hizi aya za mwisho zinanishinda.

Nekesa amepata kazi ya ukarani Njiru. Akasema ataenda kwa baiskeli yako. Nilikataa, nikatoa sababu tele, zote nzuri. Hakubishana, huo ni urithi wako. Jumamosi aliitoa tu, akajaribu kuupanda mwinuko wa reli, akarudi anaisukuma, pumzi imemwishia. Unaijua baiskeli yenyewe: haina frihwili, gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, hakuna kupumzisha miguu.

"Mathe," akasema, "hii gia ni ya miguu ya buda, si yangu. Nitafutie sproketi kubwa kidogo, iwe nyepesi. Ama uirudishe hapo nyuma ya mlango tukae tukiiangalia."

Mtu amenishinda kwa hoja ndani ya nyumba yangu.

Basi nikanunua sproketi kubwa, na asubuhi nimeipindua baiskeli kichwa chini, nikatoa gurudumu la nyuma. Kwanza ni ile ringi inayoizuia sproketi, lile duara la meno linalovutwa na cheni. Nimeivuta kushoto, kama nati zote za dunia hii, na kumbe ninazidi kuikaza. Spana imenichubua kidole ndipo nikakumbuka ulivyonitania ukiifungua mbele yangu: "Hii ni kama wewe, Mama Nekesa. Ukitaka ilegee, elekea kinyume." Nimeizungusha kulia. Imelegea. Nimecheka peke yangu, na kicheko kimeishia mahali pabaya.

Sproketi yenyewe ikakataa. Nimeizungushia kile kipande cha cheni ulichokifunga kwenye chuma, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Haikusogea. Hapo nimeelewa ninashindana na nini. Hakuna spana iliyoikaza namna ile. Wewe uliniambia: baiskeli ya aina hii hujikaza yenyewe kila unapokanyaga. Kila mwinuko, kila asubuhi ya kwenda kazini, miguu yako ilikuwa ikiizidisha. Mwili wako umelala ardhini Bungoma. Makoti yako yako kwenye migongo ya watu. Lakini nguvu zako zilikuwa bado zimeshika pale, chuma ndani ya chuma, na wa kuzifungua ni mimi.

Nimeketi sakafuni. Nimefikiria kumwambia Nekesa imeshindikana. Angeniamini. Ningekubakiza pale, umekaza, hakuna wa kukugusa, na mtoto angetafuta njia nyingine ya kufika kazini. Nilikuwa nimeshaitunga hiyo hotuba. Nilikuwa nimebakiza kumwita.

Alikuwa jikoni anaosha vyombo, anaimba vibaya, kama wewe.

Nimesimama, nikakikanyaga kile chuma kwa mguu. Sproketi imelia mara moja, kama mfupa, ikaachia. Nami nimelia, Baba Nekesa, kwa sauti ambayo hata kaburini sikuitoa. Amekuja mbio akidhani nimejikata. Nimemwambia ni kidole. Amenitazama, akapiga magoti, akanishikia gurudumu.

Tumepaka grisi, tukaizungusha ile mpya kwa mkono hadi ikakaa, ringi ikafuata, tukarudisha cheni. Ameenda nayo kwenye mwinuko wa reli. Sikwenda kutazama. Amerudi ameketi juu yake, jasho tele, anatabasamu kwa upande mmoja.

Kanuni yako ni kwamba baada ya mwinuko wa kwanza ringi hukazwa tena. Nimeishika spana bila kutarajia kitu. Ringi imezunguka, kidogo tu, kabla ya kushika. Maana yake sproketi ilikuwa imeingia ndani zaidi ya pale mikono yangu ilipoiacha. Miguu yake ndiyo iliyoisukuma huko.

Jumatatu ataondoka nayo alfajiri. Sitasimama mlangoni na hoja zangu, wala sitampigia simu yuko barabarani. Nakuahidi hilo, nawe unajua kunyamaza kunanigharimu nini.

Pumzika, mume wangu. Umekanyaga vya kutosha.

Mama Nekesa