Aliyehesabu Kabla ya Gitaa

Nyakato, Musoma

Kaka Khalidi,

Shikamoo. Huku tu wazima, samaki wale wadogo, furu, wamejaa sokoni. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Jumamosi watu wa redio wanakuja Bunda kukuhoji kuhusu santuri ya bendi yetu. Utawaambia wimbo uliutunga wewe, kama unavyosemaga miaka yote, nami mpiga gitaa wako nikinyamaza.

Ila Mama Tereza, mjane wa Magige mwenzetu wa bendi, kaisikia redioni. Kabla ya gitaa kuna mtu anatuhesabia kwa Kikurya ili tuanze kupiga. Kamtambua mumewe. Akaniuliza kwa nini ahesabu yeye. Nikamwambia ukweli: kwenye bendi yetu aliyetunga ndiye aliyehesabu.

Jumamosi namleta. Atawaomba waupige mbele yako, toka mwanzo kabisa.

Mdogo wako,
Hamduni