Mchinjaji Kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Jumapili, baada ya Alasiri. Mawingu yamejikusanya tangu asubuhi lakini mvua yenyewe inasitasita. Nyumba imenyamaza. Masufuria ya kukodi yamerudishwa, turubai limekunjwa, nami nimekaa barazani na simu mkononi, naandika kwa kidole kimoja kama kawaida yangu.

Nina furaha, shajara yangu. Ngoja niiseme yote, pamoja na aibu yake.

Kwa wasionijua: mimi ni mchinjaji, hapa Msambweni. Mwaka wa ishirini na sita huu nachinja ng'ombe na mbuzi kila siku baada ya swala ya Alfajiri. Ukurasa huu alinifungulia binti yangu Mwanasha. Aliniambia, baba, una maneno mengi, mengine yaandike tupumzike. Basi naandika.

Na mchinjaji huyu anamwogopa daktari wa meno.

Si woga wa mzaha. Nilipokuwa na miaka tisa, tukikaa Kikoneni, niliumwa na gego. Marehemu baba akanipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa aking'oa watu meno upenuni kwake. Ami zangu wawili walinishika miguu, baba akanishika kichwa, na yule mzee akaipangusa koleo yake kwa shati mbele ya macho yangu, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Maumivu yenyewe nimekwisha kuyasahau. Koleo ile inayopanguswa sijaisahau.

Tangu siku hiyo, miaka arobaini na mitatu, hakuna aliyetia mkono kinywani mwangu.

Mwezi uliopita gego la chini, upande wa kulia, likaanza. Nikaliwekea karafuu. Nikasukutua kwa maji ya chumvi. Nikameza vidonge vya maumivu kama njugu. Nikamdanganya mke wangu, Mama Mwanasha, kwamba limepoa. Astaghfirullah, nilimdanganya mara tatu kwa siku, kama dozi. Shavu likavimba hata jicho likapungua, na kinywa kikakataa kufunguka zaidi ya upana wa kidole. Machinjioni nikawa natamka bismillahi kwa meno yaliyoumana, na wenzangu wananitazama kwa wasiwasi.

Na nikaha ya Mwanasha, siku ya kufungwa ndoa yake, ilikuwa imebakisha wiki mbili.

Baba ndiye walii. Yeye ndiye anayeushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno ya kuozesha. Sheria inamruhusu kumweka mtu mwingine badala yake, na mdogo wangu Bakari alijitolea kwa haraka iliyonikera kidogo.

"Kaka, wewe utakaa pale kama picha ya ukutani," aliniambia. "Mimi nitasema, wewe utatikisa kichwa. Watu watadhani umezidiwa na uchungu wa mwana."

Nilikubali. Naandika hapa kwa aibu: nilikubali, tena nikaona afadhali.

Jioni ile Mwanasha aliniletea uji, maana ndicho kitu pekee kilichokuwa kikipita. Akakaa mkekani karibu yangu. Hakunilaumu.

"Baba, siku hiyo mimi nitakuwa ndani, sitakuona," alisema. "Nataka niisikie sauti yako. Hata ukisema kwa pengo, nitaridhika."

Akachukua bakuli tupu, akaenda zake.

Wiki ile ile nilikwenda kliniki Ukunda, Mama Mwanasha kando yangu. Nikaketi kwenye kile kiti kinacholala. Nikafungwa kitambaa cha karatasi kifuani. Binti mmoja akasogeza trei ya vyuma, vimepangwa safi, vinang'aa, na kutoka chumba cha pili nikasikia mashine inalia na mtu analia nayo. Baada ya hapo sijui. Nilipopata fahamu zangu nilikuwa kando ya barabara, miguu mitupu, na kitambaa cha watu kifuani. Muuza machungwa akaniuliza kama nimetoka kunyolewa ama nimetoroka. Nikamwambia yote mawili.

Mama Mwanasha alikuja na viatu vyangu mkononi. Akaviweka chini, nikavaa. Tukarudi nyumbani.

"Baba Mwanasha," alisema, "mbuzi wako akitaka kukimbia hukata kamba kwanza. Wewe hata kamba hukufungwa."

Nililistahili lile.

Lakini mke wangu si mtu wa kutaniana tu. Kesho yake akampigia simu daktari wa kliniki ile, akamweleza hali yangu, naye akasema kuna njia kwa watu kama mimi. Kuna dawa ya kutuliza. Nisije kutibiwa, nije tuzungumze tu.

Daktari mwenyewe anaitwa Mutua, kijana wa Machakos, ni mdogo kuliko mpwa wangu. Hakunikalisha kwenye kile kiti. Alivuta stuli ya plastiki, akaketi mbele yangu kama tuliokutana dukani.

"Mzee, shida hasa ni gani?" aliniuliza. "Ni sindano, ni uchungu, ama ni hii kiti?"

Sijui kwa nini nilimjibu kwa habari ya kazi yangu. Nikamwambia, daktari, sisi kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Mnyama hunyweshwa maji, hulazwa taratibu, hageuzwi kwa nguvu. Wala hachinjwi mbele ya mwenziwe, akaona. Ndivyo alivyotufundisha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba hata katika kuchinja kuna wema. Sasa wewe ulinionyesha visu vyote, na mwenzangu namsikia chumba cha pili.

Nilipokwisha kusema nikaona haya. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Alichukua kalamu akaandika, halafu akaniambia, "Hiyo tutafanya, mzee. Yote."

Akanieleza dawa. Ni ya kunywa, kikombe kidogo kama cha kahawa. Si usingizi wa wale wanaopasuliwa tumbo. Nitakuwa napumua mwenyewe, nikiitwa nitasikia, ila woga utakaa mbali, na huenda nisikumbuke kitu. Ganzi ya sindano itafuata wakati huo, nami sitajali. Kwanza nimeze vidonge vya kukausha usaha siku tano, uvimbe ushuke. Akanipima presha, akauliza habari za sukari, za kifua, na kama nakoroma. Swali la kukoroma Mama Mwanasha alilijibu kwa niaba yangu, kwa urefu. Siku yenyewe nisile chochote tangu usiku. Nije na mtu mzima wa kunirudisha. Na nisiendeshe pikipiki, nisishike kisu, nisitie sahihi wala kuamua jambo la maana mpaka kesho yake.

Moyo haukutulia kabisa. Dawa inayofunika akili, na mimi ni mtu wa swala tano? Nikamwendea ustadh wa msikiti wetu. Akaniambia anachokupa tabibu kwa maradhi si ulevi, na mtu hatakiwi kuukalia ugonjwa akauita uchaji Mungu. Niende, ila nikizinduka nitie udhu upya.

Basi Jumanne nikaenda.

Nilikuwa wa kwanza. Vyumba vyote kimya. Trei imefunikwa kitambaa cha kijani. Nikanywa kile kikombe, utamu juu na uchungu chini. Wakanibana kidole kwa kidude kinachohesabu pumzi na moyo. Mama Mwanasha akaketi karibu na mlango na tasbihi yake. Nikaanza Ayatul Kursiyyu, nikakumbuka mpaka katikati. Miguu ikapata joto zuri, kama mtu aliyetoka shambani akaosha miguu, kisha nikaona woga wangu, wallahi niliuona, umekaa kule pembeni kama mgeni asiyejulikana kaja kwa nani.

Halafu nikawa kitandani kwangu, nimeuma pamba, na adhana ya Adhuhuri inasikika.

Jino limetoka.

Ulimi ulikwenda kuhakikisha, ukakuta pamba tu. Miaka arobaini na mitatu, nami hata sikuwapo.

Nikamgeukia Mama Mwanasha, nikamkuta amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Ikabidi anisimulie.

Dawa iliponikolea, kabla ya ganzi, niliudaka mkono wa daktari. Nikaukamata barabara, kidole gumba kwa kidole gumba. Kisha kwa sauti ambayo nyumba hii haikuisikia kwa mwezi mzima, nikatamka, "Nimekuozesha binti yangu Mwanasha kwa mahari mliyokubaliana."

Na yule kijana, kwa adabu yake, asijue linalosemwa, akajibu, "Sawa, mzee, nimekubali. Sasa fungua mdomo."

Mke wangu alikuwa amekwisha kucheka. Mimi nilikaa kitako.

Maana tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba nikaha haina mzaha. Aliyeitamka kwa utani imempata. Nami nimetaja jina la mwanangu, nimetaja mahari, mkono nimeushika, na mtu amekubali. Mwanasha ana mchumba, Hamisi, kijana mwema wa Kibuyuni ambaye kwao wanalima mwani, anakuja Ijumaa na watu wake wote. Na mimi Jumanne nimekwisha kumwozesha mtu wa Machakos. Daktari aliniambia nisiamue jambo la maana, nami nimeamua lililo kubwa kuliko yote.

Nikamsihi Mama Mwanasha anitumie mtu kwa ustadh. Akaja. Kusema sikuweza, kwa ile pamba, nikamwandikia swali langu nyuma ya karatasi ya dawa. Alilisoma. Akalisoma tena. Akajifunika uso kwa ile karatasi muda mrefu kidogo.

"Mzee Salimu," alisema alipoweza, "aliyeondokewa na akili hahesabiwi neno. Mashahidi wako wawili wako wapi? Na huyo daktari wako si Mwislamu. Lala, baba."

Akafika mlangoni, akarudi. "Lakini umetamka vizuri," akasema. "Mama Mwanasha anasema hukukosea hata herufi."

Hapo ndipo niliposikia kitu kikifunguka kifuani. Kumbe nilikuwa naweza. Maneno yalikuwamo ndani, yamekaa tayari, woga tu ndio uliokuwa umeketi juu yake.

Jumatano nililala. Alhamisi nilifanya mazoezi shambani kwa sauti ndogo, nikawaozesha mihogo.

Ijumaa, baada ya swala, watu wakajaa uwanjani. Bakari alikaa ubavuni mwangu, amevaa kanzu mpya kabisa, amekwisha kujipaka mafuta ya uturi. Anayeandikisha ndoa akauliza nani anaozesha. Bakari akasafisha koo.

"Mimi," nikasema.

Bakari akanitazama. Akakaa kama picha ya ukutani.

Nikaushika mkono wa Hamisi. Ulikuwa umelowa jasho, na mimi nikamwona pale kijana anayeogopa kuliko nilivyoogopa mimi. Nikamnong'oneza asitazame watu, anitazame mimi. Kisha nikavuta pumzi nikatamka. Neno kwa neno. Kwenye pengo pumzi ilipiga mluzi mdogo, nikauacha upige. Hamisi akakubali kabla sijamaliza kuvuta pumzi nyingine, watu wakacheka, mashahidi wakasema wamesikia, na ndani ya nyumba vigelegele vikapanda.

Nimechinja maelfu ya wanyama maishani mwangu. Sijawahi kuona mkono wangu umetulia vile.

Daktari Mutua alikuja, tulimwalika. Akala pilau sahani mbili. Bakari, kwa vile hakupata la kusema mchana, alilipiza hapo: alimwita mkwe mbele ya watu wote, tena akamwambia amechelewa kidogo tu. Kijana wa watu alicheka mpaka akaomba maji.

Jioni, kabla hawajamchukua, nilipitishwa ndani kumwona Mwanasha. Mikono yake ilikuwa na hina mpaka kwenye vifundo, akaogopa kunishika asiniharibie kanzu. Akaegemeza paji la uso begani mwangu.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Hata ule mluzi."

 

Leo chumba chake kiko wazi na upepo unaingia. Nimeswali, nimeshukuru, na sasa nina ungamo moja la mwisho. Gego la juu, upande wa kushoto, nalo lina tundu. Ni la siku nyingi. Nimelificha kama nilivyolificha lile la kwanza, na kama si wiki hii ningelificha mpaka linizike.

Asubuhi nimempigia daktari mwenyewe, kwa kidole hiki hiki. Amenipa Jumatano, mtu wa kwanza, trei ifunikwe.

Bado sijamwambia mtu. Mama Mwanasha, najua utasoma hapa kabla hujaniuliza: Jumatano hiyo usipange safari.