Majuma Machache ya Shabani

Jumapili, baada ya alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Bagamoyo tangu alfajiri na bado hayajaamua kunyesha. Mikono yangu inanuka vitunguu na bizari. Leo tumesoma hitima ya arobaini ya baba.

Naandika nikiwa na hasira, na kwa mara ya kwanza sijui nimkasirikie nani.

Nianze na mdogo wangu. Shabani amecheza kriketi tangu shule ya msingi, na miaka yote hiyo alikuwa mchezaji wa kawaida, yule ambaye nahodha humtuma kupiga mwisho mwisho, mchezo ukiwa umekwisha kuamuliwa. Baba, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi hadi mwili ulipokataa, alikwenda kumtazama mara moja tu. Aliporudi alituuliza kwa dhati kabisa, "Huu mchezo wenu, anayeshinda anajuaje kwamba ameshinda?"

Kisha baba akafariki. Siku tulipoondoa matanga, Shabani alikunja mikeka ya waombolezaji, akairudisha msikitini, akachukua gongo lake la kupigia mpira na kwenda uwanjani. Hakuwa amelia. Hata makaburini hakulia.

Jumamosi ya juma lile mpigaji wa kwanza hakufika, Shabani akawekwa mahali pake. Uwanja wetu hauna njia ya saruji ya kudundishia mpira. Tunatandika mkeka mrefu wa usumba wa nazi, na mpira unaodunda juu yake una hila nyingi. Wapigaji hutolewa mapema, na aliyetolewa harudi tena kupiga. Shabani hakutolewa. Alisimama mpaka mchezo ukaisha. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata hiyo. Wakaja warushaji kutoka Dar, vijana wa viatu vipya na maneno mengi, na mmoja wao akamwambia, "Bro, leo unawahi chakula cha mchana kwenu." Shabani akaupiga mpira wake ukavuka uzio na kupotelea katika mihogo ya watu. Hakutabasamu. Alipiga kama mtu anayefukuza kitu kisiingie ndani. Jioni aliukunja mkeka peke yake, na yeyote aliyejaribu kumsaidia, Shabani alimwondoa kwa mkono.

Wapenzi wa mchezo huu huwatukuza waliodumu. Wale waliowaka kwa majuma machache, wakawa hawashikiki, kisha wakarudi kuwa watu kama sisi, huitwa wenye bahati na kusahauliwa. Nauliza: nani aliyeamua kwamba urefu ndio kipimo cha ukubwa? Kwa nini kilele kidharauliwe kwa sababu tu hakikugeuka kuwa uwanda?

Hasira hiyo ndiyo niliyoingia nayo kwenye kikao cha familia siku ya Alhamisi. Wachaguzi wa timu ya mkoa walikuwa wametuma habari kwamba watakuja kumwona Shabani leo. Leo, siku ya arobaini.

"Baba yako anasomewa, wewe uko kwenye majani na huo mwiko?" baba mdogo Omari alimuuliza. "Ulete huku basi, ukoroge pilau."

Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Nilihutubia kama niko jukwaani chuoni. Nilisema kipaji kikipanda namna hii hakisubiri ratiba ya familia. Nilisema desturi zilizowekwa kuwafariji walio hai zisigeuzwe minyororo ya kuwafungia. Nilisema mengi.

"Mheshimiwa mbunge, umemaliza?" akauliza baba mdogo.

"Nimemaliza, baba."

Akawageukia wengine. "Aende. Nisije nikaambiwa nimemfungia mtoto riziki."

Niliuhesabu kuwa ushindi wangu.

Asubuhi ya leo shangazi, aliyekuja kutoka Mkange kwa ajili ya hitima, aliniona nikinawa mikono nitoke jikoni. "Haya, nenda, mwanangu," akasema. "Vitunguu vitajimenya."

Uwanjani wachaguzi walikuwa wameketi pembeni. Shabani akafunga pedi zake miguuni, akasimama mbele ya vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji hulinda. Mrushaji akakimbia. Mpira ukadunda juu ya mkeka, mpira wa kawaida kabisa, ukapita ubavuni mwa gongo na kuking'oa kijiti cha kati.

Mpira wa kwanza, naye ametolewa.

Alipotoka uwanjani nilikuwa tayari natafuta wa kulaumiwa. "Ni mkeka, haukuvutwa vizuri," nikamwambia.

"Si mkeka, dada. Mpira niliuona. Ile hali imeondoka tu. Nimeisikia ikiondoka nilipokuwa nafunga pedi." Kisha akasema, "Twende nyumbani. Wanasoma."

Tulikwenda kwa miguu, pedi zikigongana kila hatua. Tulipofika, barazani palikuwa kimya. Wasomaji walikuwa wamekwisha kumaliza. Pilau imeiva, wageni waliotoka Fukayosi wakitazama barabara ya kurudi kwao. Lakini hitima haifungwi mpaka juzuu zote thelathini zisomwe, na moja ilikuwa haijasomwa. Ilikuwa mapajani mwa baba mdogo.

"Kaikumbatia tangu asubuhi," shangazi akaninong'oneza mlangoni. "Mwalimu wa madrasa kaiomba mara mbili, kamnyima. Kasema ina mwenyewe. Tukamwambia mchezo ule huweza kwenda siku nzima. Kajibu, basi tutakula magharibi."

Baba mdogo akamtazama Shabani kuanzia kichwani hadi miguuni. "Vua hayo magome, ukatawadhe."

Shabani akarudi na maji yakimtiririka viwikoni, akapokea juzuu yake, akasoma. Alifika katikati sauti ikakatika. Akalia mbele ya watu wote, kilio ambacho tulikuwa tumekisubiri tangu makaburini. Baba mdogo akamwekea mkono mgongoni, akaendelea kusoma pale alipoachia, polepole, mpaka sauti ya Shabani ikarudi na kuungana na yake.

Nahodha amepiga simu sasa hivi. Hakuchaguliwa.

Sifuti nililolisema Alhamisi, bado naliamini. Lakini nililisema kwa ukali mbele ya mtu aliyekuwa radhi kuwaweka wageni na njaa hadi jua lizame, ili kijana apate vyote viwili. Sikumwona. Nilikuwa naisikiliza sauti yangu.

Na kwa kuwa hakuna mwingine atakayeandika, naandika mimi: kwa majuma machache, katika pwani hii yote, hakuna aliyeweza kumtoa mdogo wangu. Je, aliyekuwa akipiga ni Shabani, au ni kilio kilichokosa mlango?

Mkeka tumeuacha uwanjani umetandikwa, na mawingu yanazidi kuwa mazito. Kesho alfajiri anakwenda kuukunja. Nimemwomba nimfuate. Amekubali nishike upande mmoja.