Shujaa wa Hodan Hana Ukoo

Waberi, Jumanne usiku

Bado natabasamu peke yangu, na mchana nilikuwa na hasira kweli.

Kaka yangu amefika leo kutoka Hulugho kuuza mbuzi. Wakati wa chai akakiona kitabu cha katuni anachochora binti yangu Hodan. Ndani kuna shujaa mwenye barakoa, na adui anayetia sumu visimani. Mwishoni shujaa anamkamata adui, anamfunga kamba, anamwacha hai.

Kaka akacheka. "Wallahi, shujaa wako mwoga! Mtu ameua watoto wa watu, wewe unamfunga kama mbuzi?"

Iliniudhi, hasa kwa kuwa hata mimi nilitaka yule adui afe. Nikajua mtoto atakosa jibu.

Hodan hakupandisha hata sauti. "Abti," akamwita mjomba wake, "wewe ukiua mtu, nani analipa diya ya damu yake?"

"Ukoo wangu. Si tunatoa ngamia?"

"Kwa sababu uso wako unajulikana. Shujaa huyu ameficha uso, hana ukoo. Akiua, wazee watamwita nani?"

Kaka yangu, mmoja wa wazee wanaoitwa kuamua kila kesi ya damu, akaweka kikombe chini.

"Basi aivue hiyo barakoa kwanza," akasema.

"Akiivua, abti, hataua, maana ukoo wake ndio utakaolipa."

Kaka akaomba kitabu. Kesho anaondoka nacho, awasomee wazee wenzake.

Najua ulimi wa huyu msichana utamletea shida siku moja. Na uilete.